Lita Moja ya Maji Matupu

Mhadhara kuhusu kukeneka maji nyumbani kwa ajili ya kupoza kompyuta

Kompyuta ya nyumbani inayopozwa kwa maji hubeba takriban lita moja tu ya maji, mara nyingi pungufu ya hapo. Hata hivyo hakuna sehemu ya mashine hiyo inayozua ubishi kama lita hiyo. Mtu aliyekwisha kutoa mamilioni ya shilingi kwa prosesa na kadi ya michoro anaweza kukesha akibishana na wenzake. Maji ya bomba yanafaa? Ya chupa je? Na yale ya betri yauzwayo kwenye vituo vya mafuta? Au aweke sufuria jikoni ajikenekee yake mwenyewe? Mhadhara huu unalichukua swali hilo la mwisho. Jibu fupi ni kwamba anaweza. Jibu refu lina mikunjo yake, kwa sababu hoja ambayo wengi huitoa wanapoyataka maji yaliyokenekwa haina mashiko, na zile zenye mashiko hazisemwi sana.

Kwanza, joto lenyewe. Pentium ya kwanza ya Intel, iliyotoka mwaka 1993, ilikula wati kumi na tano hivi, na kifeni kidogo kiliimudu. Core i9-14900K ya kampuni hiyohiyo, ya mwaka 2023, imeruhusiwa kupanda hadi wati 253. Kadi ya michoro ya Nvidia RTX 4090, ya mwaka 2022, inafika 450. Zikifanya kazi pamoja kwa nguvu zote ni wati mia saba, na karibu zote huishia kuwa joto ndani ya sanduku lililokaa chini ya meza. Hewa inaweza kuliondoa joto hilo, ila kwa feni nyingi na kelele nyingi. Maji yana uwezo mkubwa zaidi: kwa ujazo uleule, na kwa kila nyuzi moja, maji hubeba joto takriban mara 3,500 ya lile linalobebwa na hewa. Pampu inayosukuma lita nne kwa dakika huzizoa wati mia saba zote huku maji yakipanda nyuzi mbili na nusu tu. Kutoka hapo maji huingia kwenye rejeta, yakapulizwa na feni, yakarudi tangini kuanza safari upya.

Wazo hili ni la zamani. IBM ilitumia maji kupoza System/360 Model 91 katika miaka ya 1960, na mwaka 1980 ikatangaza kompyuta ya 3081, ambayo kila chipu yake iliguswa na kijiti cha metali kilichopeleka joto kwenye bamba lililopitiwa na maji baridi. Mwaka 1981 David Tuckerman na Fabian Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford walikwenda mbali zaidi. Walichonga vijifereji ndani ya silikoni yenyewe, kila kimoja kikiwa na upana wa mikroni hamsini hivi, wakapitisha maji humo, na wakaweza kuondoa wati 790 katika eneo la sentimita moja ya mraba. Bloku za shaba zinazofungwa leo juu ya prosesa zimetokana na fikra hiyo. Ndani yake mna mapezi membamba yaliyosimama sambamba, na nafasi kati ya pezi na pezi haifiki nusu milimita. Namba hiyo ikumbukwe, maana usafi wote unaozungumziwa hapa unahusu tundu la ukubwa huo.

Mafundi wa nyumbani, hasa Marekani na Ulaya, waliingia katika kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati maduka ya vifaa vyake yalikuwa bado hayajazaliwa. Waliokoteza walichokipata: rejeta ndogo za hita za magari kutoka kwa wauza vyuma chakavu, pampu za matangi ya samaki kama zile za Eheim ya Ujerumani, mipira ya bustani, na vipande vya shaba walivyovitoboa wenyewe. Baadaye viwanda vilifuata. Apple iliuza Power Mac G5 yenye kupozwa kwa kimiminika kuanzia mwaka 2004, na Asetek ya Denmark ikawa mashuhuri kwa vipozeo vilivyozibwa kiwandani ambavyo mnunuzi havifungui kamwe. Mwenye kifaa cha aina hiyo hana haja ya kukeneka chochote. Yanayofuata yanamhusu yule anayeunga mipira kwa mikono yake.

Sasa hoja isiyo na mashiko. Husemwa kwamba maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme, kwa hiyo mpira ukichomoka na maji yakamwagikia madabodi, hakuna kitakachoungua. Nusu ya kwanza ina ukweli wake. Maji safi kabisa, katika nyuzi 25, yana upitishaji wa mikrosimensi 0.055 kwa sentimita, na huo kwa vitendo ni kama haupo. Lakini maji ya namna hiyo hukaa ndani ya mitambo ya viwanda vya chipu, hayakai jikoni. Yakikutana na hewa kwa muda mfupi tu hufyonza kaboni dioksaidi, yakapata uasidi mdogo wa pH 5.6 hivi, na kipimo kikapanda hadi mikrosimensi moja na zaidi. Yakishaingia kwenye bloku ya shaba na rejeta yenye mabaki ya kulehemu, huendelea kupanda siku hadi siku. Na tone linaloangukia madabodi huyeyusha vumbi lililotua pale pamoja na chumvi ya jasho la vidole vya aliyeifunga. Msikilizaji aliyesomea umeme hapa ataguna kwamba hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Basi na agune, lakini kila mwaka kuna mtu anayepoteza kadi ya michoro kwa kuamini kinyume chake. Kinga dhidi ya mvujo ni viungo vilivyokazwa na kujaribiwa.

Kwa nini basi maji yakenekwe? Sababu ya kwanza ni chokaa. Anayechemsha maji ya kisima kwenye birika la umeme anaujua ule ukoko mweupe unaoganda chini. Ni kalsiamu kabonati, iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji kisha ikafukuzwa humo na joto. Ukoko huo hupitisha joto kwa uhafifu, zaidi ya mara mia ukilinganishwa na shaba. Hapa hata hivyo hesabu inadai haki yake. Lita moja ya maji magumu yenye miligramu 300 za chokaa haiwezi kutoa zaidi ya theluthi moja ya gramu, nayo huitoa mara moja tu. Mwenye kudai kwamba maji ya bomba yataijaza rejeta mawe ametia chumvi. Tatizo ni kwamba maji hupungua polepole kwa kupenya kwenye kuta za mipira, mwenye kompyuta huyaongeza, na kila nyongeza huja na mzigo wake. Chokaa nayo hupenda kuganda mahali penye joto kubwa zaidi, yaani katikati ya mapezi, katika ile nafasi isiyofika nusu milimita.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, nayo ni kuliwa kwa metali. Shaba na alumini zikizamishwa katika maji yaleyale na kuunganishwa, zinakuwa betri. Shaba iko juu, volti 0.34 kwenye kipimo cha kawaida cha elektrodi. Alumini iko chini sana, hasi 1.66. Umeme mdogo hupita kati yake, na alumini ndiyo inayoliwa. Alessandro Volta alijenga betri yake ya kwanza kwa kanuni hiyo mwaka 1800, kwa zinki badala ya alumini. Mwaka 1824 Humphry Davy aliigeuza kanuni hiyo kuwa kinga ya meli za kivita za Uingereza, akafunga vipande vya zinki na chuma kwenye mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli ili zinki na chuma viliwe na shaba ibaki. Ndani ya kompyuta, chumvi iliyomo majini ndiyo inayofungua njia ya umeme huo. Maji ya visima vya pwani ya Dar es Salaam, ambako bahari imeingia chini kwa chini katika maeneo kadhaa, ni mabaya hasa, kwa kuwa kloridi huitoboa alumini vishimo vidogo vinavyokwenda ndani badala ya kusambaa juu. Maji yaliyokenekwa huipunguza kasi ya ulaji huo. Hayaukomeshi. Anayefunga bloku ya shaba pamoja na rejeta ya alumini kwa kuwa rejeta hiyo ilikuwa bei nafuu amejipangia uharibifu, hata akimwaga humo maji ya maabara.

Ya tatu ni koga. Maji ya bomba huja na naitreti, fosfeti na chakula kingine cha viumbe vidogo; yaliyokenekwa huanza yakiwa hayana kitu. Vijidudu vyenyewe vitaingia tu, kwa hewa na kwa vidole, lakini vitakuta shamba kavu.

Kukeneka hakukuzaliwa maabara. Juu ya Jebel Akhdar huko Oman, katika vijiji vya kandokando ya tambarare ya Saiq, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, familia huvuna mawaridi kila mwaka kati ya Machi na Mei na kuyageuza marashi. Chombo cha jadi ni chungu chenye maua na maji kilichowekwa juu ya moto. Ndani yake, juu ya maua, hukaa bakuli dogo. Mdomo wa chungu hufunikwa kwa chombo cha shaba chenye kitako cha mviringo kilichojazwa maji baridi. Mvuke hupanda, hukutana na kile kitako baridi, hugeuka matone, nayo hutambaa hadi sehemu ya chini kabisa ya mviringo na kudondokea bakulini. Waswahili wengi wenye ndugu Maskati wamenyunyiziwa marashi hayo harusini. Pemba nako, kiwanda cha Makonyo kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake, hutumia mvuke kutoa mafuta kwenye makonyo ya karafuu. Na ukweli usifichwe: kanuni hiyohiyo ndiyo mama wa gongo na chang'aa, kwa hiyo fundi anayepitisha bomba la shaba kwenye ndoo ya maji uani asishangae balozi wa nyumba kumi akipita kusalimia mara mbili kwa siku moja.

Mpango wa Jebel Akhdar unahamishika jikoni bila kubadilishwa sana. Panahitajika sufuria kubwa yenye mfuniko wa mviringo, bakuli la chuma cha pua au la kioo kinachostahimili moto, na kitu cha kulinyanyulia bakuli hilo lisiguse maji yanayochemka. Mfuniko hupinduliwa ili kishikio chake kielekee chini, juu ya bakuli, na barafu huwekwa mgongoni mwake. Sufuria ya alumini, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, si kikwazo, kwa sababu metali haipandi na mvuke. Bakuli la kupokelea ndilo lisiwe la alumini, na mfuniko ambao matone hutambaa juu yake ni afadhali uwe wa chuma cha pua au kioo.

Makosa hutokea kwenye moto. Mwenye haraka huuchochea hadi maji yanarukaruka, na kila tone linaloruka likaangukia bakulini limebeba chumvi zote za sufuria. Ukenekaji mzuri ni wa kuchemka kwa utulivu, viputo vidogo, mvuke wa kutosha, hakuna kurusha. Kosa jingine ni kufunika mapema mno. Klorini ya maji ya bomba, amonia, na harufu nyingine nyepesi hupanda pamoja na mvuke, tena huwa za kwanza kupanda. Kwa hiyo sufuria huachwa wazi ichemke dakika kadhaa, na kikombe cha kwanza kinachokusanyika humwagwa. Mwishoni nako pana mpaka: moto huzimwa maji yakiwa yamebaki kama moja ya tano, kabla kile kilichobaki hakijawa mchuzi mzito wa chumvi. Mwenye subira huyakeneka mara ya pili yale aliyoyapata, na tofauti huonekana kwenye kipimo.

Hatari za kazi hii ni za kawaida lakini ni za kweli. Mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka, na mfuniko hunyanyuliwa kwa kuuelekeza mbali na uso. Chombo kisizibwe kabisa kwa hali yoyote, maana mvuke uliokosa njia hujitengenezea yake. Jiko la mkaa halifai kazi ya saa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Kuhusu kutumia rejeta kuukuu ya gari kama kipozeo cha mvuke, Marekani imekwisha kutoa somo: wapika pombe haramu wa majimbo ya kusini walifanya hivyo, risasi iliyounganishia rejeta hizo ikaingia kwenye pombe, na hospitali zikapokea watu wenye sumu ya risasi mwilini. Rejeta ileile inayofaa kupoza kompyuta haifai kutengenezea kitu ambacho mtu anaweza akakinywa kwa bahati mbaya.

Gharama yake ni ya kustaajabisha kidogo. Kuyapandisha maji ya lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 314. Kuyageuza mvuke kunahitaji 2,257 zaidi. Jumla ni karibu kilojuli 2,570, sawa na uniti 0.7 za umeme wa LUKU, na hicho ni kima cha chini cha nadharia. Jikoni, ambako joto hupotelea ukutani na mvuke hutoroka pembeni mwa mfuniko, uniti moja haitoshi. Kompyuta ile ya wati mia saba iliyotajwa mwanzoni, ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa moja, hutupa joto la kiasi kilekile cha nadharia. Kwa bahati mbaya joto hilo hutoka likiwa la nyuzi arobaini hivi, na nyuzi arobaini hazichemshi maji.

Upande wa pili wa hesabu husahaulika kabisa. Zile kilojuli 2,257 zilizoingia kwenye mvuke sharti zitolewe tena ili mvuke urudi kuwa maji. Ni karibu kilo saba za barafu ziyeyuke zote, au lita kumi na nane za maji zipashwe nyuzi thelathini. Ndiyo maana mtu aliyeweka vipande sita vya barafu juu ya mfuniko hulalamika baada ya muda kwamba jiko linawaka na bakuli halijai. Kupata lita moja ya maji ya kupozea, panahitajika kwanza upozaji mkubwa.

Kipimo kinachotumika sana ni kalamu ndogo ya umeme yenye elektrodi mbili nchani, ambayo hutoa habari zake kwa namba moja: miligramu za chumvi kwa lita. Maji mengi ya bomba huionyesha namba ya mamia. Yaliyokenekwa vizuri huonyesha sifuri hadi tano. Ikitoka thelathini, palikuwa na kurushwa kwa matone au chombo kichafu. Kalamu hiyo ina upofu wake, kwa sababu hupima umeme tu: mafuta, sukari na pombe hupita mbele yake bila kuonekana. Asiye na kalamu anaweza kudondosha tone kwenye kioo safi cha kujitazamia na kuliacha likauke. Doa jeupe likibaki, kuna chumvi.

Wapo watakaouliza kama kuchemsha tu hakutoshi. Kuchemsha huua vijidudu, na huangusha sehemu ya chokaa, lakini chumvi nyingine zote hubaki, tena zikiwa nzito zaidi kwa kuwa maji yamepungua. Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimelifanyia kazi ili kuondoa floraidi inayotia meno rangi ya kahawia, ni jambo la maana sana kwa mnywaji. Kwa kompyuta halibadilishi mengi, kwa kuwa limelengwa kwa chumvi moja. Maji ya chupa ya dukani hubeba madini, na lebo yake huyataja moja baada ya jingine kwa miligramu. Maji ya mvua huanza yakiwa karibu na yaliyokenekwa, kisha huosha vumbi la hewani na bati la paa, na karibu na bahari hubeba chumvi ya upepo. Yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi huwavutia wengi, kwa kuwa ni mvuke uliogeuka maji kweli. Ila yameteremka juu ya mapezi ya alumini yenye vumbi na ukungu wa miezi, kwa hiyo ni malighafi nzuri ya kukeneka na si zaidi ya hapo.

Yanabaki maji ya betri, ambayo kwa wakazi wengi wa mijini ndiyo jibu la akili zaidi. Chupa zake huwa na maji yaliyokenekwa au yaliyosafishwa kwa kupitishwa kwenye utomvu maalumu unaonasa ayoni, na kwa kazi hii yote mawili yanafaa. Hadhari ni moja tu, nayo ni kubwa: madukani chupa za maji hukaa jirani na chupa za asidi ya betri, na rangi zake hazitofautiani. Haidromita ya fundi betri, inayopima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji, humaliza shaka mara moja, kwa kuwa asidi iliyotayarishwa husoma karibu 1.28 na maji husoma 1.00. Kwa aliye karibu na duka la aina hiyo, kukeneka nyumbani ni zoezi la elimu kuliko la uchumi. Kwa aliye mbali, au anayekuta chupa zilizokwisha kufunguliwa na kujazwa upya, sufuria yake inastahili kuaminiwa zaidi.

Maji yakishapatikana, mengi huharibika kabla hayajaanza kazi. Rejeta mpya hutoka kiwandani na mabaki ya dawa ya kulehemu yenye asidi, na isiposuuzwa hugeuza lita nzima kuwa chafu ndani ya siku chache. Husuuzwa kwa maji ya moto na siki kidogo, kisha kwa maji ya kawaida mara kadhaa, na mwisho kwa yaliyokenekwa. Kwa hiyo hesabu ya kweli ya kazi ni lita mbili au tatu, si moja. Mipira ya plastiki angavu hupendeza machoni lakini mingi hutoa vilainishi vyake majini, vikaganda kwenye mapezi kama utando mweupe. Mipira myeusi ya EPDM haina urembo na haina tabia hiyo.

Kisha dawa. Wengine hutumbukiza kipande cha fedha safi ndani ya tangi, wengine mrututu kidogo sana. Chembe za fedha, na za shaba iliyomo katika mrututu, huwaua viumbe vya koga. Mrututu usitiwe kamwe penye alumini, kwa sababu shaba iliyoyeyuka ndani yake hujipaka juu ya alumini na kuanzisha ulaji uleule ulioelezwa hapo juu, mahali pengi kwa wakati mmoja. Wengine huchanganya kulanti ya gari, ambayo huja na vizuia-kutu vyake. Inafanya kazi, ingawa hupunguza kidogo uwezo wa maji kubeba joto na kuyafanya mazito kwa pampu, na ile ya ethilini glaikoli ni sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto na mbwa. Ya propileni ni salama zaidi. Vituo vya data vinavyopoza seva kwa kimiminika navyo hutumia sana mchanganyiko wa maji na propileni glaikoli ya asilimia 25. Huko wahandisi wenye bajeti kubwa wamekubali kwamba maji matupu yanahitaji msaidizi.

Majaribio ya mvujo hufanywa pampu ikipewa umeme peke yake, prosesa na kadi zikiwa zimezimwa, karatasi za shashi zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo, kwa saa 24. Baadaye, kompyuta ikiwashwa, mwenyeji wa pwani hugundua kwamba maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Chumba cha nyuzi 32 hutoa maji ya nyuzi arobaini, na hilo halina ubaya. Baadhi hushawishika kutia barafu tangini. Katika unyevu wa Dar es Salaam wa mwezi Machi, bomba lolote lililopoa chini ya nyuzi 24 au 25 huanza kutoa jasho, na jasho hilo, ingawa nalo ni mvuke uliogeuka maji bila kupitia sufuria ya mtu, huteremka hadi kwenye madabodi na kuiunguza.

Baada ya mwaka mmoja maji humwagwa na bloku hufunguliwa. Fundi mzoefu husoma kilichomo. Weusi juu ya shaba ni oksaidi, hauna madhara. Ukoko mweupe unaotoa mapovu ukiguswa na siki ni chokaa, ishara kwamba kulikuwa na nyongeza ya maji ya bomba ambayo hakuna mtu aliyeitaja. Mweupe usiotoa mapovu ni vilainishi vya mpira. Kijani chenye utelezi ni koga, hupigwa brashi laini ya meno. Maji yenye rangi ya kibuluu na yasiyo na utelezi yamebeba shaba, na uasidi wake upimwe kabla ya kujaza upya. Yasimwagwe bustanini wala kwenye bwawa la samaki, kwani shaba kidogo tu huua samaki. Unga mweupe wenye vishimo chini yake, kwenye rejeta ya alumini, hausafishiki. Rejeta hiyo hutolewa, ikawekwa nyingine ya shaba.